Kuingia Bob Marshall mwezi Juni: mwongozo wa kusafiri na farasi na nyumbu wakati theluji inayeyuka

Kila mwaka ukikaribia mwisho wa Mei, simu yangu haikai kimya. Hapa Missoula, mji wa jimbo la Montana, Marekani, maua yamechanua, watu wametoka na fulana, na farasi waliokula nyasi kavu tangu Novemba wanapiga kwato wakitaka kutoka zizini. Swali huwa lile lile: "Kaka, tunaingia lini mlimani?" Siku hizi wanaouliza ni pamoja na ndugu zetu wa Kongo, ambao familia zao zimekuwa zikifika Missoula tangu 2016, na vijana wao wanataka kuijua milima wanayoiona dirishani. Nimekuwa nikijibu kwa simu vipande vipande, na vipande havitoshi. Haya hapa yote, kwa mfuatano wa kazi yenyewe.

Ninapozungumzia mlimani, nina maana ya Bob Marshall, pori la milima kaskazini-magharibi ya Montana. Lilitengwa kisheria mwaka 1964, na ukiliunganisha na mapori mawili yanayopakana nalo, Great Bear na Scapegoat, unapata zaidi ya ekari milioni 1.5. Ndani hakuna barabara. Sheria inakataza injini na magurudumu: hakuna gari, hakuna baiskeli, hakuna msumeno wa mota. Karibu kila kilo inayoingia inaingia mgongoni, mwako au mwa mnyama. Nyumbu ninaowataja si wale wa Serengeti. Ni watoto wa punda dume na farasi jike, ambao Kiswahili cha zamani kinawaita baghala. Ndio wabebaji wakubwa wa milima hii.

Julai na Agosti safari hizi zina raha yake. Juni ni kitu kingine. Theluji ya juu inayeyuka, mito imejaa, miti iliyoanguka majira ya baridi bado imelala njiani, nyasi za malisho ni fupi, na mnyama wako hana pumzi. Mambo hayo yote yanakukuta siku moja. Usiogope kuingia, lakini jiandae kama mtu anayejua hivyo.

Tarehe haichaguliwi kwenye kalenda

Anza kwa kutazama theluji. Milima ya magharibi ya Marekani ina vituo vinavyopima theluji vyenyewe, mtandao uitwao SNOTEL, na takwimu zake zinaonekana bure kwenye intaneti. Chagua kituo kilicho karibu na njia yako, chenye kimo kinachokaribiana nayo, uone maji yaliyobaki ndani ya theluji yanapungua kwa kasi gani. Kisha tazama vipimo vya mito. Halafu tazama joto la usiku kule juu, na hili ndilo watu wengi hawalifuatilii. Usiku ukishuka chini ya nyuzi sifuri, theluji huganda, na mito hupata saa chache za kupumzika. Usiku usipoganda, theluji inayeyuka saa ishirini na nne na maji hayashuki. Nikiona usiku tatu mfululizo bila baridi ya kugandisha, siingii, hata kama jua linawaka na marafiki wameshafunga mizigo.

Baada ya hapo piga simu ofisi ya misitu inayosimamia lango lako, yaani pale njia yako inapoanzia. Uliza maswali mahususi: barabara ya kufika langoni imefunguliwa? Ile ya kutoka mji mdogo wa Augusta kwenda lango la Benchmark, kwa mfano, ni ndefu na ya changarawe. Njia imesafishwa miti hadi kilomita ya ngapi? Daraja fulani bado lipo? Usiulize "hali ikoje", maana utajibiwa "nzuri".

Kwa Juni, chagua safari ya mabondeni, kufuata mto, kisha urudi ulikotoka. Njia za kuvuka mgongo wa mlima kutoka bonde moja hadi jingine ziache. Wageni wengi wanataka kufika Chinese Wall, ule ukuta wa mawe wenye urefu wa takriban kilomita 35. Ukuta huo hautahama. Ufuate mwishoni mwa Julai.

Wiki nane kabla: pumzi, mgongo na kwato

Farasi aliyesimama zizini miezi mitano anaonekana amenona na mwenye nguvu. Hiyo nguvu ni ya dakika ishirini. Mimi huanza Aprili. Wiki mbili za kwanza ni kutembea tambarare, nusu saa hadi dakika arobaini na tano, siku tatu au nne kwa wiki. Wiki tatu zinazofuata naongeza vilima, saa moja na nusu. Wiki za mwisho naweka tandiko la mizigo lenye nusu ya mzigo, kisha mzigo kamili, saa tatu au nne mfululizo. Misuli hujengeka upesi. Kano na mifupa huchelewa, na ngozi ya mgongoni inahitaji muda wake kukomaa chini ya tandiko.

Kipimo changu ni mapigo ya moyo. Weka vidole chini ya taya, utakuta mshipa, au kiganja nyuma ya kiwiko cha kushoto. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Farasi aliyetulia huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Mpandishe kilima, simama dakika kumi, hesabu tena. Akiwa amerudi chini ya 60, yuko tayari kuendelea. Akiwa bado 72, mwili wake unakwambia kitu, na utausikiliza hapa nyumbani au utausikiliza kilomita 25 ndani ya pori.

Viatu vya chuma vifungwe siku kumi hivi kabla ya safari, si siku ya kuamkia safari, ili msumari uliokaa vibaya ujulikane mapema. Beba kiatu cha mpira cha dharura kinachomwenea mnyama wako mwenye kwato kubwa zaidi.

Chakula nacho kinahitaji maandalizi. Farasi wa kilo 500 anahitaji kilo 8 hadi 10 za majani kwa siku, na malisho ya Juni hayana kiasi hicho. Nyasi kavu yoyote unayoingiza lazima iwe na cheti kwamba haina mbegu za magugu. Ni sharti katika misitu yote ya taifa ya Montana, na lina maana, maana gugu moja la kigeni linaweza kuua malisho ya bonde zima. Wengi wetu tunabeba nyasi zilizoshindiliwa kuwa vidonge, kwa sababu zinachukua nafasi ndogo. Anza kumchanganyia mnyama vidonge hivyo nyumbani siku saba hadi kumi kabla. Ukimbadilishia ghafla mlimani, tumbo litamsokota, na msokoto wa tumbo huua farasi.

Karatasi ni jambo fupi: ukitoka jimbo jingine, leta cheti cha afya na kipimo cha damu cha Coggins, kinachotafuta ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu wa farasi. Ndani ya Montana yenyewe, kumvusha farasi kutoka kaunti moja hadi nyingine kunataka ukaguzi wa chapa au kibali cha kudumu. Shughulikia mapema.

Kupakia

Aliyewahi kuona punda wa Lamu na shogi zake tayari anajua kanuni ya kwanza: pande mbili zilingane. Nyumbu mzima na mwenye mazoezi nampa kilo 65 hadi 70 za mzigo, si zaidi, na mwanzo wa msimu nampunguzia hata hapo. Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza. Pima kila upande. Tofauti ikizidi kilo moja, hamisha kitu. Mkono wa binadamu unadanganya. Nimeona watu wenye uzoefu wa miaka mingi wakiapa kwamba pande ni sawa, na mizani ikasema kilo nne.

Hapa Montana tandiko linalotumika zaidi kwa nyumbu huitwa Decker. Lina pete mbili za chuma juu, moja mbele na moja nyuma, na mzigo hufungwa kama robota ndani ya turubai kisha kuning'inizwa. Fuata hivi.

Mswaki kwanza. Piga mswaki mgongo wote, ubavu na mahali pa mshipi wa tumbo, kisha pitisha kiganja kitupu polepole. Punje moja ya mchanga chini ya mshipi, baada ya kilomita 20, ni kidonda. Weka blanketi mbele kidogo, juu ya mabega, ulivute nyuma hadi lilale mahali pake, ili manyoya yalale upande wake. Usilivute kamwe kwenda mbele. Ukipitiliza, inua uanze upya. Weka tandiko, inua blanketi kidogo pale kwenye uti ili hewa ipite, funga mshipi wa tumbo kiasi. Mtembeze hatua kumi. Nyumbu wengi huvuta pumzi na kujaza kifua unapofunga, wakishatembea wanaitoa, na mshipi uliokuwa umekaza unaning'inia. Kaza tena. Mshipi unaopita nyuma ya mapaja uache nafasi ya kiganja kilicholala. Ukikaza sana utamchuna kila akipanda, ukilegeza sana tandiko litamwendea shingoni kwenye mteremko.

Sasa robota. Tandaza turubai la karibu mita 2 kwa 2.4, panga vitu vizito chini na upande utakaogusa mnyama, vyepesi juu na nje. Hakuna ncha inayotokeza upande wa ndani: si mpini wa sufuria, si kona ya sanduku. Kunja kama unavyofunga zawadi, mikunjo ikielekea chini ili mvua isiingie, na funga kwa kamba ya mita 10 hivi.

Kwenye tandiko, kamba ya kuning'inizia inatoka pete ya mbele kwenda ya nyuma, na katikati inaacha kitanzi kikubwa. Inua robota, liegemeze ubavuni, juu kadiri linavyokwenda. Lishike kwa bega lako. Zungusha kitanzi upande wa nje wa robota, vuta mkia wa kamba unaotoka pete ya nyuma hadi robota libane, kisha pitisha mkia huo chini ya robota, upandishe kwa nje hadi kwenye kitanzi, na umalizie kwa fundo ambalo ukivuta ncha linafunguka lote. Hilo fundo la mwisho lina uhai ndani yake: nyumbu akianguka mtoni, una sekunde chache za kumtua mzigo, na vidole vyako vitakuwa vimekufa ganzi. Lifanyie mazoezi nyumbani, gizani, ukiwa umevaa glovu zilizolowa.

Mwenzio ashikilie robota la kwanza wakati wewe unafunga la pili, tandiko lisije likapinduka. Mkimaliza simama nyuma ya mnyama, mita tano, umwangalie akitembea. Pete zikae katikati ya uti. Simama tena baada ya nusu saa njiani, ukaze mishipi yote, hata kama kila kitu kinaonekana sawa.

Njiani

Unapowafunga nyumbu mmoja nyuma ya mwingine, usifunge kamba ya kuongozea moja kwa moja kwenye tandiko la aliye mbele. Weka kipande kifupi cha kamba ya katani ya milimita 6 katikati. Mmoja akiteleza korongoni, kamba hiyo inakatika na wengine wanabaki njiani.

Matope: pita katikati. Kila mtu anatamani kuzunguka pembeni, na ndivyo njia moja inavyogeuka njia tatu na mmomonyoko usiokwisha. Kama matope yanamfika farasi magotini, ujue umekuja wiki mbili mapema.

Miti iliyoanguka: beba shoka na msumeno wa mkono, kwa magogo makubwa, msumeno wa watu wawili. Sehemu za Bob Marshall zimeungua mara nyingi na miti mikavu iliyosimama huko huanguka kila upepo. Usimlazimishe nyumbu mwenye mzigo kuruka gogo lililo juu ya goti lake. Atatua vibaya na mzigo utamwangukia shingoni.

Theluji inahitaji maneno zaidi. Mtaikuta kwenye miteremko inayotazama kaskazini, vipande vya mita kumi, wakati mwingine thelathini. Asubuhi huwa ngumu. Mchana huoza, na farasi huzama ghafla hadi tumboni. Chini yake kuna mawe na matawi ambayo huwezi kuyaona, na hapo ndipo mguu unapokatika. Shuka kwenye tandiko. Tembea mwenyewe mbele na fimbo, ukichoma kila hatua, hasa karibu na mawe na mashina ya miti, kwa sababu joto lake huyeyusha theluji kutoka chini na kuacha shimo. Ikikubali, chimba njia kwa sepetu na uwapitishe mmoja mmoja. Ikiwa kipande hicho kiko kwenye mteremko mkali ambapo mnyama akiteleza hatasimama hadi bondeni, safari imeishia hapo. Mtafute kambi chini.

Mito

Maji ya theluji yana saa zake. Jua linayeyusha kuanzia asubuhi, na kwenye vijito vya karibu na theluji maji yanafika kilele alasiri au jioni. Usiku yanashuka. Alfajiri ndipo yako chini kabisa. Panga siku nzima kwa kufuata hilo: amka saa kumi na moja, vuka mapema, fika kambini kabla ya saa nane mchana.

Nililijua hili kwa kusikia kabla sijalijua kwa mwili. Juni moja tulikuwa watatu, tumeweka kambi kando ya kijito. Asubuhi tulikivuka, maji magotini mwa farasi, meupe na safi, tukaenda kutazama njia ya mbele. Tuliporudi saa kumi na moja jioni kijito kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kilikuwa na sauti. Si ya maji; ni ya mawe yakigongana chini, kama mtu anaviringisha mapipa. Hema zetu zilionekana ng'ambo, mita kumi na tano tu. Farasi wangu alisogea hadi ukingoni, akashusha pua, akarudi nyuma hatua mbili. Nikamwamini. Tulilala upande ule bila hema, kiberiti changu kikiwa mfukoni kwa bahati njema na si kwenye mfuko wa tandiko. Alfajiri jiwe lililokuwa limezama kabisa lilikuwa nje ya maji kwa kiasi cha mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi vidole. Tukavuka bila taabu.

Tangu siku ile, nikifika kijitoni naweka kijiti ukingoni pale maji yanapoishia. Baada ya dakika ishirini nakitazama. Kikiwa kimemezwa, maji yanapanda.

Pa kuvukia, tafuta mahali papana, penye changarawe, mto unapotandaa. Mahali pembamba ni penye kina. Tazama chini ya kivuko pia: kama kuna magogo yaliyosongamana au maporomoko, hapo hapafai hata kama maji ni mafupi, kwa sababu atakayechukuliwa hatatoka. Maji yakifika tumbo la farasi, usivuke. Kabla ya kuingia, fungua kamba yoyote inayoshikilia kichwa cha farasi chini. Farasi asiyeweza kuinua kichwa huzama. Watenganishe nyumbu, mtu mmoja mnyama mmoja. Toa vidole vya miguu nje ya vikuku hadi vibaki ncha tu, fungua mikanda ya mkoba kifuani, na kaza macho kwenye ukingo wa ng'ambo. Ukitazama maji yanayopita utapata kizunguzungu na utaegemea upande usiofaa. Elekeza kichwa cha farasi juu kidogo kuelekea mkondo unakotoka.

Kambini

Kaa mita 60 au zaidi kutoka majini, kwenye ardhi iliyokauka. Wafunge wanyama kwenye kamba ya juu: kati ya miti miwili hai yenye unene wa kutosha, mikanda ya sentimita 5 ikizunguka shina ili kamba isikate gome, kamba ikiwa juu ya kichwa cha farasi. Kila mnyama apate mita mbili na nusu, na kamba yake iwe fupi kiasi kwamba pua inagusa chini lakini mguu hauwezi kuingia. Malishoni waachie kwa zamu, saa moja au mbili. Kiongozi wao abaki amefungwa, wengine hawataenda mbali. Ardhi ya Juni ni laini, na kwato za usiku mmoja zinaacha mashimo yatakayoonekana mwaka mzima. Chunguza pia majani yanayochipua kabla ya nyasi: mmea uitwao death camas, wenye majani kama ya kitunguu, hutangulia nyasi, na ni sumu.

Dubu, pamoja na grizli, wameamka na wana njaa. Chakula chote, pamoja na vidonge vya farasi, sabuni na dawa ya meno, kitundikwe mita 3 kutoka ardhini na zaidi ya mita moja kutoka shinani, au kiwekwe kwenye masanduku yaliyoidhinishwa. Hiyo ni amri ya kisheria huko. Dawa ya kupulizia dubu ikae kiunoni mwako. Ukiiweka kwenye tandiko, farasi akikimbia ameondoka nayo.

Kupe wa mwanzo wa msimu ni wengi, nao hubeba homa ya madoa. Jikague kila jioni, kwapani na nyuma ya masikio, kisha mkague mnyama chini ya taya na kwenye mizizi ya mkia. Nguo ziwe za sufu, na koti la mvua mzoeshe farasi nyumbani: livae na ulivue juu ya tandiko mara hamsini, likipigapiga. Theluji inaweza kuanguka wiki yoyote ya Juni, na hutaki afundishwe siku hiyo.

Mkirudi

Kabla hujafungua trela, vua matandiko yote na tazama jasho mgongoni. Alama ya jasho iwe sawa pande zote. Doa kavu katikati ya manyoya yaliyolowa ni mahali tandiko lilipobana hadi tezi za jasho zikashindwa kufanya kazi; bonyeza kwa vidole viwili, taratibu, uone kama anainama kukimbia mkono. Akiinama, apumzike hadi uvimbe uishe, na tandiko likaguliwe kabla halijarudi juu yake. Fua blanketi na mishipi. Halafu ipigie simu ile ile ofisi ya misitu, uwaambie umekuta miti mingapi njiani, theluji ilianzia wapi, na kivuko gani kilikuwa kibaya. Kuna mtu ataingia keshokutwa, na yeye pia atauliza.